Nyonga ya Fundi Viatu

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini u mzima, na sikio lako la kulia nalo halijambo. Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Juzi nilikuuliza ulijisikiaje siku ile uliyobadilishwa nyonga, ukanijibu kwa sauti ya kuwaita wanafunzi mia unaowapikia waje kula kwamba ndiyo, paa la jiko linavuja. Nikakata simu nikacheka peke yangu, halafu nikaona bora kalamu.

Haya, nimekwenda hospitali. Usianze kupiga makofi.

Mke wangu hakuweza kunisindikiza, alikuwa na darasa lake la chekechea, nami sikusikitika. Korido ilijaa watu mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi. Daktari kijana, miwani mikubwa kuliko uso, aliinua picha ya mifupa yangu kwenye taa, akaguna. Kisha akasema, "Tembea mpaka mlangoni, urudi."

Sasa nisikilize. Unavijua viatu vyangu vyeusi vya kutokea. Tangu nyonga ianze kulika, mguu wa kushoto umekuwa mfupi kidogo, basi nikakitia kiatu cha kushoto vipande vya soli kwa ndani, chini ya kisigino. Kazi safi, kwa nje huoni kitu. Ningefanyaje? Fundi viatu anayechechemea ni kama kinyozi mwenye kichwa kilichotafunwa na panya. Nani atamwachia kazi?

Nikatembea, dada. Nilikaza meno nikaenda na kurudi kama bwana harusi. Daktari akatazama picha, akatazama miguu, akatazama foleni nje. "Picha inasema nyonga imekwisha," akasema, "lakini wewe mzee unatembea kuliko mimi. Maumivu?"

"Ya kawaida tu."

Akaniweka kundi la wanaoweza kusubiri. Mwakani, labda na zaidi. Nilitoka pale nikipiga mluzi. Nyumbani nimesema daktari haoni haja ya kunipasua, jambo ambalo si uongo ukiliangalia kwa jicho moja.

Habari ya kiatu wifi yako haijui, wala usimwambie. Na hili nakuambia wewe peke yako: nikikifikiria kile kisu cha daktari, naweka chini kisu changu cha ngozi nakwenda kusimama nje.

Nakutumia viatu vyako vya jikoni wiki ijayo, kisigino kimekubali.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi

12 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nilitaka mwiko.

Umemdanganya daktari kwa kiatu! Watu wanadanganya kwa maneno, kwa machozi, wewe umetumia soli. Tena unajisifu. Wale waliokaa kwenye ngazi wanaonyesha maumivu yao wapate nafasi, na wewe unaficha yako ili uipoteze.

Mwakani, unasema. Mwakani nyama za paja zitakuwa zimenywea, na mtu akipasuliwa na mguu ulionywea, kusimama tena ni shughuli. Mimi nilichelewa, unakumbuka nilivyokuwa nikikoroga sufuria nimeegemea ukuta. Nilipokwenda, daktari wangu aliniambia wazi: ungekuja mapema, ungepona mapema. Sikukuambia hayo kwa kuwa hukuuliza.

Kuhusu kisu usijali. Ni kama kung'oa jino. Unalala, unaamka, basi.

Rudi hospitali. Uende bila viatu. Kama unaona aibu, vaa kandambili, hakuna mtu aliyewahi kuficha kitu ndani ya kandambili.

Na mkeo mwambie ukweli. Yule mama anafundisha watoto wa miaka minne. Unadhani hajui uso wa mtu aliyeficha kitu?

Dada yako

18 Machi

Wifi yangu,

Utaikuta barua hii kwenye ncha ya kiatu chako cha jikoni, kile cha mguu wa kulia. Nimeisokomeza humo wakati mdogo wako yuko bafuni. Nisamehe kwa njia hii ya kichinichini, lakini sina mwingine wa kumuuliza.

Ya kiatu chake nayajua. Mimi ndiye ninayevipiga rangi viatu vyake, na kimoja ni kizito kama kimemeza jiwe. Nanyamaza kwa sababu anatembea kwa raha akidhani sijui. Hata soksi hawezi tena kuvaa mwenyewe. Asubuhi namvisha mimi. Tumeligeuza mchezo: namwambia "lete mguu, mtoto mzuri," ananijibu "ndiyo, mwalimu," tunacheka wote wawili, kisha mimi naenda jikoni nafungulia maji yapige kelele.

Lakini sicho kinachoniandikisha. Alirudi kutoka hospitali akipiga mluzi. Wifi, mume wangu hapigi mluzi. Amesema daktari haoni haja ya kumpasua. Nimeiona ile picha, niliiinua dirishani alipokuwa hayupo. Kazi yangu ni kufundisha watoto wasipake rangi nje ya mstari, na pale kwenye nyonga mstari wenyewe haupo. Sasa daktari anamwachaje mtu wa namna ile? Nimewaza na kuwazua. Daktari huacha kupasua akiona haina faida tena. Akiona kuna kitu kingine.

Tangu siku ile amekuwa mpole mno. Ananiletea machungwa. Ananiuliza kama nimechoka. Ile nyundo yake nzuri, aliyokuwa hataki hata niiguse, amempa fundi jirani. Mtu anagawa nyundo yake kwa nini, kama si kwamba anaaga?

Nikimtazama amelala nasikiliza kama anapumua. Wewe ni dada yake, wewe hakufichi. Kama anakufa niambie, nijue namna ya kukaa naye. Nijibu kupitia shuleni kwangu, tafadhali, si kibandani kwake.

Wifi yako

25 Machi

Wifi,

Hafi huyo! Hana ugonjwa mwingine ila uoga na maringo.

Daktari hakumwacha kwa kukata tamaa. Alimwacha kwa sababu alimwona anatembea vizuri, na alitembea vizuri kwa sababu alivaa kile kiatu unachokijua. Nyonga inatibika. Yangu ilitibika na mimi ni mkubwa kwake na mzito mara mbili. Machungwa ni dhamiri inayomsuta. Nyundo sijui, muulize, nadhani haiinui tena kutoka sakafuni.

Mvue viatu umrudishe hospitali, kwa sikio ikibidi. Na wewe acha kumsikiliza anavyopumua, lala.

Wifi yako anayekupenda

2 Aprili

Dada,

Una akili nyingi, lakini mkono wako umezoea anwani moja. Barua ya wifi yako imekuja hapa kibandani. Nikaona mwandiko wako, nikaichana kwa kisu cha ngozi bila kutazama jina, na neno la kwanza nililokutana nalo ni "Hafi huyo." Nilidhani unazungumza habari za paka.

Nikasoma mpaka mwisho. Kisha nikakaa. Mteja mmoja alikuja kuchukua viatu vyake, akanisalimu, akanisalimu tena, akaondoka bila viatu.

Nilidhani namkinga. Niliona akijua naumwa kiasi gani atakosa usingizi. Kumbe usingizi alishaukosa, tena kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Mwenzangu alikuwa ananizika polepole, huku mimi namletea machungwa!

Nilifunga mapema. Nilimkuta mezani anakata maua ya karatasi kwa ajili ya darasa. Sikujua nianzie wapi, basi nikavua viatu mlangoni, na soksi moja, maana ya pili ilinishinda, nikamwambia, "Nitazame."

Nikatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani bila kiatu mguuni. Dada, sijatembea hivyo mbele ya mtu. Nilikuwa nayumba kama meza iliyokatika mguu. Nilishika kabati, nikashika kiti, nikafika.

Amekaa na mkasi mkononi. Akasema, "Ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo nilivyo."

"Na hakuna kingine?"

"Hakuna. Ni nyonga tu. Nyundo nilimpa jirani kwa sababu ikianguka siwezi kuiokota, na mbele ya wateja naona haya."

Akaweka mkasi chini. Nikajua nitalizwa au nitabusiwa, sikujua kipi. Akasema, "Nilishachagua nguo ya msibani, wewe mwanamume!" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, nikabaki nimeshika pazia maana hapakuwa na kingine cha kushika, na sikuweza kumfikia.

Yeye ndiye aliyesimama akanifuata.

Kesho yake alimwomba mwenzake amshikie darasa, tukaenda. Nilivaa kandambili, umeridhika? Daktari yule yule akasema, "Tembea mpaka mlangoni." Nilipofika katikati akasema, "Inatosha, rudi ukae." Akaangalia kandambili. Akauliza, "Siku ile ilikuwaje?" Nikamweleza. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mzee, siku moja utanitengenezea na mimi kiatu kama kile, lakini mgonjwa wangu usimfiche tena." Mke wangu akajibu kwa niaba yangu kwamba hatafichwa.

Kuna mtu ameahirisha, nafasi yake nimepewa mimi. Ni mwezi huu huu, tarehe ishirini na nne. Nilidhani nitakuwa na mwaka mzima wa kuogopa taratibu, sasa inabidi niogope haraka haraka.

Daktari ameniambia nisikae tena kwenye kiti kifupi. Nikamuuliza, kifupi kama kigoda? Akasema kigoda ndicho kabisa. Dada, mimi nimekaa kwenye kigoda tangu nilipojifunza kazi. Viatu vinashonwa mapajani. Nitashonea wapi?

Tena niambie ukweli, si wa kung'oa jino.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Kosa la anwani nimelipokea. Nilikuwa na hasira, na mkono wangu ukiwa na hasira unakwenda unakokujua.

Unataka ukweli. Niliogopa. Lile la jino nilikuwa nakupaka mafuta. Asubuhi ile walinichora mshale pajani kuonyesha upande, na nilimwita nesi mara kwa mara aje ahakikishe mshale haujafutika. Alipochoka akaniambia, "Mama, mshale unakusumbua wewe tu, sisi upande tunaujua." Nilipoamka maumivu ya zamani hayakuwepo. Yalikuwepo mengine, ya kidonda, makali, lakini yalikuwa maumivu yanayokwenda mahali. Yale ya kwanza yalikuwa yamekaa tu kama mgeni asiyeaga. Siku ya pili wakanisimamisha. Nililia, na si kwa maumivu.

Sasa fanya kazi, uoga unapenda mtu asiye na la kufanya. Meno yakaguliwe, jino bovu linaweza kupeleka uchafu mpaka kwenye nyonga mpya. Dawa zote unazomeza, hata zile za dukani unazodhani sizijui, mwonyeshe daktari, kuna ambazo utaambiwa uache kabla. Ondoeni mikeka na mazulia yote, mimi nilikaribia kurudi hospitali kwa sababu ya pindo la zulia. Kitanda kiinuliwe, kiti kiwe cha mikono, choo kiwekewe kiti cha juu. Hutainama kuokota kitu na hutakunja nne ukikaa, kwa hiyo anza kuacha leo, najua unavyopenda kukunja nne ukisoma gazeti. Utalala na mto katikati ya miguu. Mwambie mkeo si chuki.

Na magongo jifunze sasa, kabla hujapasuliwa, wakati ukikosea unacheka. Kwenye ngazi mguu mzima unatangulia kupanda, mgonjwa unatangulia kushuka. Mimi nilikuwa nausema kwa sauti, wanafunzi wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Kigoda kitupe. Viatu vitapanda mezani. Mimi nilisema sitapika nikiwa nimekaa, na sasa navuta kiti cha juu nakatia vitunguu kama malkia.

Nitakuja ukitoka hospitali. Nimeshaomba ruhusa, na nimeshawatisha watakaobaki jikoni.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Nyumba imegeuka. Seremala wetu ni mtu wa kusikia neno moja akafanya matatu. Nilimwambia ainue kitanda kidogo. Amekiinua mpaka wifi yako anapanda kwa kukanyaga sanduku, na akishapanda ananiita kutoka juu kama mtu aliye ghorofani. Choo nacho kimepata kiti chenye mikono, nikikaa pale najiona mwenyekiti wa kikao.

Magongo nimejifunza kwenye korido. Mwalimu wangu ni mkali. "Mguu mzima kwanza! Nimesema mzima!" Nilimwambia asinipigie kelele mbele ya jirani, akasema watoto wake wa chekechea wanaelewa mara moja. Nimevikwa mfuko shingoni wa kubebea vitu, maana mikono itakuwa na kazi. Ndani yake ameniwekea kijiti cha peremende kwa utani. Nimekula.

Kibandani seremala amenipandishia meza. Nimejaribu kushona nimesimama, nimeegemea kiti kirefu. Mshono wa kwanza ulikwenda upande kama wa mwanafunzi, nikaufumua. Wa pili ulikuwa afadhali. Wateja wamezoea kuniona kuanzia utosini, sasa wananiona uso, na mmoja ameniuliza fundi wa siku zote yuko wapi.

Nacheka hivi, lakini usidanganyike. Juzi wametupa maelezo ya dawa ya usingizi. Yule mtaalamu wa usingizi amesema si lazima nilale kabisa. Wanaweza kunichoma sindano mgongoni, nife ganzi kuanzia kiunoni, niwe macho. "Utasikia sauti tu," akasema. Nikauliza sauti gani. Akasita. Akasema kuna kukata, na kuna kugongagonga, maana kile kifaa kinapigiliwa.

Dada, mimi maisha yangu yote napigilia. Najua mlio wa msumari unaoingia vizuri na wa ule unaopinda. Sasa nilale pale, nimsikilize fundi mwingine anapigilia ndani yangu? Na nisipokuwa macho, nikalala, nani ataniambia kama nimeamka au sijaamka?

Amesema moyo wangu na kifua changu vinapenda ganzi kuliko usingizi mzito. Nimekubali ganzi. Nilikubali kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Wifi yako alikuwa pembeni akinitazama.

Nimemwonyesha kutembea. Hilo sijamwonyesha. Yeye anaona nimekuwa mwepesi siku hizi, anatania na kila mtu kwamba mume wake shujaa. Nikimwambia usiku nalala nimekunja ngumi, ataanza tena kusikiliza pumzi. Naona nilibebe hili dogo lililobaki mwenyewe.

Usimwandikie. Na ukimwandikia, angalia anwani.

Mdogo wako

24 Aprili

Wifi yangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye benchi la korido, mapajani nina mfuko wenye saa yake, miwani yake na pete. Barua hii sijui kama itakufikia kabla hujapanda basi, lakini nisipoandika nitawauma watu.

Wamemchukua.

Asubuhi alikuwa anatania wodi nzima. Nesi alipomchora mshale pajani alimuuliza kama ana rangi nyingine. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mshono wake. Akaja nesi mkubwa na karatasi zake, akauliza maswali yao ya mwisho: jina, upande, amekula? Halafu akauliza, "Unaogopa?"

"Aa wapi," akasema. "Mimi fundi."

Nami nikacheka, wifi, kama ninavyocheka kila asubuhi. Nilikuwa nimemvisha soksi zile ndefu za hospitali za kubana damu, tumefanya mchezo wetu, lete mguu mtoto mzuri. Nilikuwa natafuta bomba la kufungulia maji na hapakuwa na bomba.

Wakaanza kusukuma kitanda. Mimi natembea pembeni. Magurudumu yana kelele. Tulipofika kwenye ile milango miwili ambayo sisi haturuhusiwi kupita, akasema, "Simameni." Hakusema kwa nguvu. Nesi akasimama.

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na umeloa, mikono ile iliyojaa nta na gundi siku zote, leo imesafishwa mpaka siijui. Akaniambia, "Mke wangu, naogopa sana. Naogopa kusikia. Na naogopa nisisikie tena. Sikutaka ujue."

Nilitaka kumwambia usiogope. Ndilo ninalowaambia watoto. Sikuweza. Nikamwambia, "Mimi naogopa kuliko wewe. Tangu ile siku ya mluzi."

Akasema, "Basi tuko wawili."

Nesi alikuwa anatazama dari. Nikambusu kwenye paji la uso, mbele za watu, umri huu. Milango ikafunguka, ikafunga, ikawa inapepea kidogo, kisha ikatulia.

Tangu hapo nimekaa. Kuna mwanamke mwingine kwenye benchi, mwanawe yuko ndani. Tumegawana chungwa. Kila mlango unapofunguka tunasimama wote wawili, anatoka mfagiaji, tunakaa. Kwa ndani zaidi mtu anagonga kitu, tok, tok, tok. Huenda ni fundi wa mabomba. Najilazimisha iwe fundi wa mabomba. Nimejaribu kufikiria ile meza yake mpya, kitanda chetu cha ghorofani, wewe na mabegi yako mlangoni. Vinakuja, kisha vinaondoka, inabaki ile tok tok.

Imenyamaza. Wifi, kunyamaza ni kubaya zaidi.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa naendelea, mwandiko utausamehe. Milango ilifunguka, akatoka yule nesi mkubwa, kofia ya kijani, barakoa ameishusha kidevuni. Akatazama benchi. Mwenzangu akasimama, nami nikasimama, na nesi akatembea kuja kwangu taratibu, sijui kwa nini wanatembea taratibu namna ile. Uso wake haukuniambia kitu.

"Wewe ndiye mke wa fundi viatu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nyonga imeingia vizuri. Wanamalizia kumshona. Yuko macho, na amenituma." Akanikaribia, akapunguza sauti, kama mtu aliyepewa kitu cha mtu akikabidhi bila kukivunja. "Amesema nikwambie bado anaogopa."

Nimekaa chini nikalia mpaka yule mwanamke mwingine akanishika bega, akidhani nimeletewa habari mbaya.

Wifi yako